Mwanzilishi wa Skauti Aliyezikwa Nyeri

Wengi wetu tunasikia habari za skauti bila kujua mwanzilishi wake amezikwa hapa hapa Nyeri mjini. Huyo ni Baden-Powell.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Babake alifariki yeye akiwa na miaka 3 tu. Shuleni hakung'ara sana vitabuni, lakini kwenye msitu wa karibu alijifunza kunyatia na kujificha. Baadaye akawa mwanajeshi. Kwa kweli alipigana vita vya wakoloni dhidi ya Waafrika, na jambo hilo halifutiki.

Ila vijana aliwaelewa. Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana kama 20 kupiga kambi kisiwani Brownsea, Uingereza, watoto wa matajiri na wa maskini pamoja. Aliwagawa makundi 4, kila kundi na kijana wa kuliongoza. Hapo kila mmoja alipata mambo matatu: nafasi ya kujiamulia, kazi anayoiweza, na wenzake wa kumjali. Baadaye zikaja beji, nazo hazinunuliwi, mtu huzifanyia kazi.

Mwaka 1938 alihamia Nyeri, akafariki 8 Januari 1941. Kaburi lake linaelekea Mlima Kenya.

Mimi naona hivi: kijana asiye na la kuamua, analoliweza wala mwenzake, atazembea tu hata akifokewa kutwa. Akiyapata hayo matatu, hasukumwi na mtu. Je, darasani mwenu ni nani hukaa peke yake? Hebu mwiteni.