Malkia Catherine wa Aragon: Mke Aliyekosa wa Kumtetea

Tunapofundisha historia ya Matengenezo, tunamtaja Mfalme Henry VIII wa Uingereza, aliyevunja uhusiano na Papa wa Roma kwa sababu ya ndoa yake. Mara chache tunamtaja mwanamke aliyekuwa ndani ya ndoa hiyo. Leo tunapenda kusimulia maisha yake, kwa maana kesi kama yake bado zinaingia katika jamaa za makanisa yetu.

Catherine alizaliwa tarehe 16 Desemba 1485 huko Alcalá de Henares, Hispania. Baba yake alikuwa Mfalme Ferdinand wa Aragon, na mama yake Malkia Isabella wa Castile. Alifundishwa vizuri, akajua Kilatini na mambo ya dini. Mwaka 1501, akiwa hajatimiza miaka 16, aliolewa London na Arthur, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Baada ya miezi mitano tu Arthur alikufa.

Wazazi wa pande zote mbili walitaka urafiki wao uendelee, basi wakapatana kwamba Catherine aolewe na Henry, mdogo wa marehemu. Sheria ya kanisa ilikataza mtu kuoa mke wa ndugu yake, kwa hiyo waliomba ruhusa kwa Papa Julius II, naye akaitoa. Lakini mambo ya mahari na siasa yalichelewesha harusi. Mjane huyo kijana alikaa miaka saba katika nchi ya ugeni, mara nyingi bila fedha za kuwalipa watumishi wake. Mwaka 1507 baba yake alimfanya kuwa balozi wake katika nyumba ya mfalme wa Uingereza, kazi ambayo wakati ule haikupewa wanawake. Hatimaye, mwezi wa Juni 1509, Henry alipokwisha kuwa mfalme, walifunga ndoa.

Waliishi pamoja karibu miaka ishirini. Henry alipokwenda vitani Ufaransa mwaka 1513, alimwachia Catherine utawala wa nchi. Alichukua mimba mara nyingi, lakini watoto walizaliwa wafu au walikufa wakiwa wachanga. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya mwaka mpya wa 1511 hakumaliza miezi miwili. Aliyebaki ni binti mmoja, Mary, aliyezaliwa mwaka 1516. Mama wengi wa kwetu wanajua uzito wa nyumba ambamo mume anangojea mtoto wa kiume.

Mwaka 1527 Henry, ambaye moyo wake ulikuwa umemwelekea Anne Boleyn, alianza kusema kwamba dhamiri inamsumbua. Alishika Walawi 20:21 akadai ndoa yake ilikuwa haramu tangu mwanzo. Hapa tuelewe vizuri: hakuomba talaka. Aliomba kanisa litangaze kwamba ndoa haikuwako kamwe. Huko ndiko kubatilisha ndoa. Kesi ya kwanza ilifunguliwa kwa siri mbele ya Kardinali Wolsey, waziri mkuu wa mfalme mwenyewe, na mke hakuitwa.

Catherine alipopata habari hakukaa akilia tu. Alituma mtumishi wake kwa siri mpaka kwa Kaisari Charles V, mtoto wa dada yake, ili kesi ihukumiwe Roma. Utetezi wake ulikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza, aliapa kwamba Arthur hakumjua kama mke. Ya pili, Papa alikuwa ametoa ruhusa. Hispania kulipatikana barua nyingine ya ruhusa hiyo, yenye maneno yaliyomsaidia zaidi. Watu wa mfalme walimlazimisha aandike ili barua ya asili iletwe Uingereza. Lakini Charles alikataa kuiachilia, akatuma nakala iliyothibitishwa tu. Katika jambo hilo Catherine alisaidiwa kweli.

Kuhusu mawakili, au maavoka kama tunavyosema kwetu, hali ilikuwa ngumu. Walioteuliwa kumshauri walikuwa maaskofu na wasomi, karibu wote raia wa mfalme yule yule aliyeshitaki. Askofu mkuu Warham, mzee, alikuwa na hofu ya hasira ya mfalme, wala hakumfaa kitu. Msomi Vives, aliyetoka Hispania kama yeye, alimshauri asijitetee kabisa kwa kuwa hukumu ilikwisha kuamuliwa. Ushauri huo ulimchukiza malkia. Aliyesimama wazi ni Askofu John Fisher wa Rochester. Alisema mbele ya baraza kwamba ndoa ile ni halali na kwamba yuko tayari kufa kwa ajili ya ukweli huo.

Kesi ilisikilizwa London mwaka 1529, mbele ya Wolsey na Kardinali Campeggio aliyetumwa kutoka Roma. Tarehe 21 Juni Catherine alipiga magoti mbele ya mume wake, katikati ya watu wote, akamsihi akumbuke miaka yao, na kwamba alimpokea akiwa bikira. Alisema hawezi kupata haki mahali ambapo waamuzi na washauri wote wako chini ya mfalme, akakata rufaa kwa Papa. Kisha akatoka. Aliitwa arudi, lakini hakurudi.

Baada ya hapo kesi ilihamishiwa Roma, ikachelewa miaka. Papa Clement VII aliogopa Kaisari upande mmoja na mfalme upande mwingine. Mwaka 1531 Henry alimwacha Catherine, hawakuonana tena. Alihamishwa nyumba baada ya nyumba, akakatazwa kumwona binti yake. Mwaka 1533 sheria mpya ilizuia rufaa kwenda Roma, na mwezi wa Mei Askofu mkuu Thomas Cranmer akatangaza kwamba ndoa haikuwako. Papa aliamua kwamba ni halali mwezi wa Machi 1534, lakini ilikuwa kuchelewa. Fisher alikatwa kichwa mwaka 1535, baada ya kukataa kukiri kwamba mfalme ni mkuu wa kanisa. Catherine alikufa Kimbolton tarehe 7 Januari 1536, akazikwa kama mjane wa Arthur, si kama malkia.

Sisi Waprotestanti tusifikiri kwamba watu wetu wote walikuwa upande wa mfalme. William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza na aliyekuwa akiishi uhamishoni, aliandika mwaka 1530 akipinga mpango wa kumwacha Catherine. Angeweza kunyamaza na kupata kibali. Martin Luther naye alipoulizwa mwaka 1531 alijibu kwamba ndoa ni halali na mke asiachwe, ingawa shauri lake jingine, kwamba heri mfalme aongeze mke wa pili, hatuwezi kulipokea.

Katika makanisa yetu, toka Uvira mpaka Bunia, kuna wapendwa waliofunga ndoa na Wakatoliki. Siku nyingine mmoja wao anapokea barua ya mahakama ya kanisa Katoliki, kwamba mwenzake anaomba ndoa ibatilishwe. Wengine wanaitupa kwa hasira au kwa aibu. Tunawasihi msifanye hivyo. Asiye Mkatoliki naye ana haki ya kujibu, kuleta mashahidi na kuwa na wakili. Tangu mwaka 1741, kwa agizo la Papa Benedict XIV, kuna mtumishi wa mahakama anayepaswa kuleta hoja za kuitetea ndoa, na mwaka 2015 Papa Francis aliagiza kesi hizi zisiwe mzigo wa gharama kwa watu, kwa kadiri inavyowezekana. Uamuzi huo hauwafanyi watoto kuwa wa haramu. Tena hauvunji ndoa iliyoandikishwa serikalini: hiyo ina mahakama yake, na huko ndiko maneno ya mali na malezi yanakoamuliwa. Mtunze karatasi zenu za asili, mtoe nakala.

Na wachungaji na wazee wasimwache mtu huyo aende peke yake. Mithali 31:8-9 inatuagiza kufungua kinywa kwa ajili ya asiyeweza kujisemea. Mtafuteni mwanasheria mwaminifu, msome naye barua ile, mmsindikize mpaka mlangoni, hata kama anayemshitaki ni mtu mkubwa anayelisaidia kanisa kwa sadaka zake. Bwana awape ujasiri wa kufanya hivyo.