Rocky Marciano: Bingwa Mwenye Mikono Mifupi

Ndugu zangu wa nyumbani, katika kitabu chetu cha harambee mwaka huu naomba ukurasa wa watu mashuhuri tuupeleke mbali kidogo, kwa kijana wa mji wa viatu aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, ingawa mikono yake ilikuwa mifupi kuliko ya wapinzani wake wakubwa. Mimi kazi yangu ni uhasibu. Ukiweka vipimo vyake kwenye karatasi, unaona hasara tupu.

Rocco Marchegiano, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Rocky Marciano, alizaliwa tarehe 1 Septemba 1923 huko Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Baba yake alifanya kazi kiwandani kwenye viatu, kama watu wengi wa mji ule, na afya yake haikuwa nzuri tangu alipoumia katika Vita Kuu ya Kwanza. Rocco, mkubwa kati ya watoto sita, aliacha shule mapema akaingia kwenye vibarua: kubeba makaa na barafu, kuchimba mitaro. Mwaka 1943 aliingia jeshini. Alipotoka alijaribu mchezo wa besiboli, lakini mwaka 1947 akaachwa kwa sababu mkono wake haukuweza kurusha mpira kwa usahihi.

Alipoanza ngumi kwa dhati mwaka 1948 alikuwa na miaka 24, umri ambao wengine wameshazoea ulingo. Hakuwa mrefu, miguu yake ilikuwa mizito, na urefu wa mikono yake, ukipimwa ikiwa imenyooshwa pembeni toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ulikuwa kama sentimita 173 tu.

Kwa nini jambo hilo ni zito? Bondia mwenye mikono mirefu hukaa mbali na kukurushia ngumi ya kushoto iliyonyooka. Yake inakufikia, yako haimfikii. Ukisimama pale pale kwa adabu, utapigwa raundi zote na majaji wataandika pointi za mwenzako. Ukirudi nyuma, ndiyo umempa anachotaka.

Mwalimu wake, Charley Goldman, naye alikuwa mtu mfupi aliyepigana miaka mingi katika uzito mdogo. Hakujaribu kumfanya Marciano aonekane mrefu. Alimfundisha kuinama zaidi, ili ngumi ya mpinzani ipite juu ya kichwa. Kutikisa kichwa asiwe shabaha. Kisha kuingia ndani kabisa, kifua kwa kifua. Pale karibu mambo hugeuka: mkono mrefu hukosa nafasi ya kukunjuka, mkono mfupi hufanya kazi. Kama kichwa hakipatikani, piga mbavu, piga hata mikono yenyewe mpaka ichoke kujikinga. Lakini njia ya kuingia ina gharama, maana lazima upite kwenye ngumi za mwenzako. Kwa hiyo Marciano alikimbia maili nyingi kila siku, apate pumzi ya kulipa gharama hiyo.

Hakuwa peke yake. Allie Colombo, rafiki yake wa ujana, alikuwa naye tangu mwanzo, na mapambano yake mengi ya awali yalipofanyika Providence, mji wa jirani, watu wa Brockton walifunga safari kwenda kumshangilia.

Tarehe 26 Oktoba 1951, New York, alipambana na Joe Louis, aliyekuwa shujaa wake. Louis alimzidi urefu wa mikono kwa sentimita 20, karibu shubiri nzima. Lakini Louis alikuwa na miaka 37, na alikuwa amerudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Marciano alimwangusha raundi ya 8, kisha akalia kwa kumhurumia.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 23 Septemba 1952, Philadelphia, mbele ya bingwa Jersey Joe Walcott, naye mwenye mikono mirefu. Raundi ya kwanza tu Marciano alikwenda chini, mara ya kwanza tangu aanze ngumi za kulipwa. Hadi raundi ya 12 ilipokwisha, majaji wote walikuwa wamempa Walcott uongozi. Marciano hakuacha kusogea mbele. Katika raundi ya 13 alimbana Walcott kwenye kamba, akatupa mkono wa kulia uliosafiri hatua fupi sana, na pambano likaisha. Brockton ilimpokea kwa shangwe mitaani.

Alistaafu Aprili 1956 akiwa amepigana mara 49 na kushinda zote, 43 kati ya hizo bila kufika mwisho wa raundi. Alifariki kwa ajali ya ndege huko Iowa tarehe 31 Agosti 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46.

Ndugu zangu, chama chetu nacho kina mikono mifupi. Hatuna mfadhili mkubwa. Na sisi wa mjini tumezoea kuinyoosha hiyo hiyo mifupi kutoka mbali. Mimi mwenyewe kwa miaka mitatu nilituma mchango kwa simu nikajiona nimemaliza. Nilipofika nyumbani nilikuta mabati tuliyonunua yamelala stoo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka fedha za mbao. Kwenye daftari langu ujenzi ulikuwa unaendelea. Kule kijijini ukuta ulikuwa unanyeshewa mvua. Kosa lile lilikuwa letu sote, na siku moja tu ya kuwapo pale ingetosha kuliona.

Basi mwaka huu changia, kisha ufike. Shika ukuta kwa mkono wako, uliza fundi amekwama wapi. Aliye mbali na kazi hawezi kuisukuma, hata mkono wake uwe mrefu namna gani.

Karibuni nyumbani.