Siti binti Saad: Sauti Iliyoshinda Sura

Katika harusi za Malindi na Kilifi, mwanamke anayeisimamia taarab mbele ya hadhira hukutana na macho yanayompima sura kabla ya sauti. Mizani hiyo si ngeni. Ndiyo iliyomkabili Siti binti Saad, mfinyanzi wa Unguja aliyeifungulia sauti ya mwanamke wa Kiswahili mlango wa santuri.

Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililobeba kumbukumbu ya utumwa. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa akitembeza vyungu hadi mjini na kuvinadi kwa sauti iliyowavuta watu hata kabla hajaonekana. Hakusoma wala kuandika.

Mnamo 1911 alihamia mjini, akafunzwa na wanamuziki waliotambua kipaji chake. Taarab ya kasri ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye akiwa na kina Subeti Ambari, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Mwalimu Shaaban, aliiimba kwa Kiswahili, ikaeleweka barazani na Ng'ambo. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi.

Umaarufu ulizaa husuda. Wapinzani walimkejeli kwa ufukara, nasaba na kukosa uzuri. Siti hakunyamaza, alijibu kwa nyimbo. Wahenga wamesema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na maisha yake ni sherehe ya methali hiyo.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, zikasikika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Alizifikisha pia ibadani mwa umma dhuluma za mahakama: wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mwuaji wa mwanamke mgeni aliyetoroka, ilhali wanawake walioandaa tafrija wakaadhibiwa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo wanawake wachache wa zama zake waliipata. Hata hivyo, mijadala ya ushairi wa Kiswahili ingali ikianzia kwenye miswada. Mwanamke asiyeshika kalamu alihifadhi kwa sauti kesi ambayo wanyonge wasingeiandika wenyewe. Anayemweka pembeni mwa historia ya fasihi kwa kuwa hakuandika anarudia kosa la waliompima kwa sura.