Nabongo Mumia: Mlango Mmoja, Wageni Wawili

Tunapenda kukukumbusha jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni kwamba kheri kubwa na shari kubwa zote mbili huanza kwa kitu kidogo. Mbegu ya mbuyu na mbegu ya mwiba hukaa pamoja katika kiganja cha mtoto. Ibra ya jambo hili tumeiona katika maisha ya mtu aliyekaa mbali na pwani yetu, naye ni Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga.

Msafiri ashukaye Butere, ambako reli itokayo Kisumu hukomea, kisha akaelekea kaskazini, hufika mji wa Mumias, uliopewa jina la mfalme huyo. Zamani makao hayo yaliitwa Elureko. Mumia alikitawala kiti cha baba yake, Nabongo Shiundu, mwaka 1882, na mlango alioukuta wazi hakuufunga. Baba yake alikuwa amekwisha kuwakaribisha wafanya biashara wa pwani waliokuwa wakitafuta pembe za ndovu katika njia ya Uganda.

Wala tusijisifu bure. Watu wetu wale hawakwenda huko kufundisha dini. Walifuata mali, walichukua bunduki, na baadhi yao walifanya biashara ya watumwa, dhulma isiyo na udhuru. Lakini miongoni mwao walikuwamo waliotandika misala yao wakati wa Sala ulipoingia, wakafunga Ramadhani katika nchi ya ugeni, wakamfundisha anayetaka herufi mbili tatu. Jambo dogo lile ndilo Mwenyezi Mungu alilolitia baraka. Mumia na watu wengi wa nyumba yake wakaingia katika Uislamu, na mji wake ukawa chemchemi ya dini katika nchi zile za magharibi ya Kenya. Pembe zote zilizobebwa zimekwisha, na waliozibeba hawajulikani makaburi yao. Ila adhana ya Mumias ingali inasikika.

Sasa mtazame mgeni wa pili. Mwaka 1883 alipita Joseph Thomson, Mskoti, naye akapokewa kwa wema. Wakafuata wengine. Mwaka 1894 serikali ya Uganda iliweka kituo kwa Mumia, mahali pa misafara kupumzika na kupata chakula. Ni nani angeliogopa kituo cha chakula? Lakini mwaka 1895 Waingereza walipowapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, watu wa Mumia walikuwa upande wao. Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Mfalme alizoea kushindana na jirani yake kwa nguvu ya mgeni, na mwenye kuazima nguvu hana budi kuzirudisha.

Hatusemi kwamba angalipigana angaliokoka. Kabarega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walipigana, wakakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Seychelles. Na Koitalel wa Wanandi akauawa mwaka 1905. Amani si aibu. Aibu ni kuifanya amani ngazi ya kupanda juu ya mabega ya majirani.

Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu wa wilaya yote, na jamaa zake wakawekwa kutawala makabila ambayo hayakuwachagua. Nduguye Mulama akapewa Wamarama, ambao Butere imo katika nchi yao. Ilionekana kuwa ni kilele cha utukufu, kumbe ndio mwanzo wa mteremko. Kwani reli ilikuwa imekwisha fika ziwani Kisumu mwaka 1901, na misafara haikuwa tena na haja ya mlango wake. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishwa kupelekwa Kakamega. Mwaka 1926 akastaafishwa. Ilipojengwa reli ya tawi, ilikomea Butere, haikufika kwake. Akafariki mwaka 1949 akiwa mzee mno, na cheo kile cha chifu mkuu hakurithishwa mtu. Aliyekipa ndiye aliyekiondoa.

Basi ndugu zangu, tusimcheke mzee huyu. Sisi wa mwambao nasi tulipatwa na jambo kama hili: mwaka 1888 pwani yetu ilikodishwa kwa kampuni ya Waingereza kwa karatasi tu, na wengi wakaiona ni biashara. Bendera ya Sultani ikabaki ikipepea, na hukumu ikawa ya wengine, mpaka mwaka 1963.

Kila mtu ana mlango wake. Mtoto anayepelekwa chuoni leo kujifunza alifu ni jambo dogo. Na deni la riba linalochukuliwa kwa ajili ya harusi ya siku moja ni jambo dogo. Na fadhila ya mkubwa inayopokewa ili kumkomesha jirani ni jambo dogo vilevile. Hayo yote hubisha hodi kwa sauti moja ya upole. Mwenye akili humwuliza mgeni akiwa bado kizingitini: umekuja na nini, na utakapoondoka utaacha nini?

Mwenyezi Mungu amrehemu Nabongo Mumia, amsamehe makosa yake, na atupe sisi taufiki ya kuyapima madogo kabla hayajakua. Amin.