Daktari Albert Cook wa Mengo

Sisi wa Mwanza tunakaa ukingoni mwa ziwa lile lile alilohudumia Daktari Albert Cook, aliyezaliwa London mwaka 1870. Alifika Mengo, Uganda, mwaka 1897, akaanza hospitali katika nyumba ya matete. Mwaka 1901 yeye na nduguye Jack waliwatambua wagonjwa wa malale, ugonjwa ulioua watu wengi kandokando ya ziwa letu. Hata hivyo, hospitali moja haikuweza kuwafikia akina mama waliokufa kwa uzazi vijijini. Ndipo yeye na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, wakawafundisha wasichana Waganda ukunga, nao wakatumwa vijijini. Alifariki mwaka 1951. Nasi tusimwachie mkunga wa zahanati mzigo peke yake: tumchotee maji, tuwapeleke wajawazito mapema.