Jimmy Shand: Mgodi Ulimkataa, Kodiani Ikampokea

Kodiani si ngeni kwetu sisi watu wa mwambao. Tumekua tukiisikia katika taarabu, ikipumua pamoja na fidla na ganuni. Huko Uskoti nako ndiyo inayochezesha watu harusini na katika sherehe za mwaka mpya, na aliyeivumisha kuliko wote ni Jimmy Shand.

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1908 katika kijiji cha East Wemyss, jimbo la Fife, nyumba ya watoto tisa. Baba yake alikuwa mlima kwa plau aliyegeuka mchimba makaa ya mawe, naye akipiga kodiani ndogo ya vifungo. Mwana alipotimiza miaka 14 aliacha shule, akateremka shimoni.

Mwaka 1926 wachimba makaa wa Uingereza waligoma. Kijana Shand akawa anapiga muziki katika hafla za kuwachangia wagomaji. Mgomo ukashindwa, na yeye akafungiwa mlango. Mgodini hakurudi tena. Miaka 18, hana kazi, na kosa lake ni kuwapigia muziki wenye njaa!

Basi siku moja alisimama na rafiki yake nje ya duka la ala la Charles Forbes, mjini Dundee, wakitazama vitu dirishani. Rafiki akamtia shime: kujaribu hakulipiwi. Akaingia, akaivaa kodiani mabegani, akapiga. Mwenye duka akamwajiri papo hapo, auze ala na kukusanya madeni. Kudai watu madeni si kazi ya mtu mwenye haya, naye haya alikuwa nazo tele, lakini aliifanya, akizunguka na gari kaskazini ya Uskoti.

Kodiani aliyoshikamana nayo maisha yake yote si kama hizi zetu zenye vipande vya piano. Ni ya vifungo, na kifungo kile kile hutoa sauti moja ukisukuma na nyingine ukivuta. Mkono na pumzi ya chombo lazima vipatane, la sivyo wimbo huharibika. Kampuni ya Hohner ya Ujerumani ilimtengenezea aina yake maalumu, ikaitwa Shand Morino.

Wakati wa vita vya pili maradhi ya tumbo yalimzuia kuingia jeshi la anga, akatumika katika zimamoto. Siku ya mwaka mpya 1945 bendi yake ilisikika BBC kwa mara ya kwanza. Kutoka hapo ikawa ni safari: leo Inverness, kesho London. Mwaka 1955 sahani yake ya Bluebell Polka, iliyosimamiwa na George Martin, yule aliyekuja kuwarekodi Beatles, iliingia katika ishirini bora za Uingereza.

Jukwaani alikuwa na kipara, miwani mizito na uso usiocheka. Wachezaji hawakujali, maana mapigo yake hayakuyumba hata chembe.

Mwaka 1972 alipunguza kazi. Tangu hapo akapendelea kumbi ndogo za pembezoni, kwa malipo ya chini. Alipewa nishani ya MBE mwaka 1962, na mwaka 1999 akawa Sir Jimmy. Alifariki tarehe 23 Desemba 2000, umri wake miaka 92. Mwanawe, Jimmy mdogo, naye alikuwa mpiga kodiani.