Lady Gregory na Kazi ya Mchezo Mfupi

Walimu wengi wa lugha na fasihi huuchukua mchezo mfupi wa kuigiza kuwa ni kitu cha kujazia nafasi. Huletwa siku ya wazazi, au mwishoni mwa muhula mitihani ikiisha, kisha hurudishwa kabatini. Katika makala haya twakusudia kueleza maisha ya mwanamke mmoja wa Ayalandi, Lady Augusta Gregory, aliyeufanya mchezo mfupi kuwa kazi kamili inayojitegemea. Tumemchagua yeye kwa sababu mbili. Kwanza, alianza kuitungia jukwaa akiwa mtu mzima, bila ya kufunzwa kazi hiyo popote. Pili, michezo yake huonyesha waziwazi mambo yanayoufanya mchezo mfupi usimame, hata mwanachuo wa mwaka wa kwanza aweza kuyaona na kuyataja.

Asili yake

Alizaliwa tarehe 15 Machi 1852 huko Roxborough, katika jimbo la Galway, magharibi ya Ayalandi, akaitwa Isabella Augusta Persse. Wakati huo Ayalandi yote ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na jamaa zake walikuwa makabaila: Waprotestanti wenye mashamba makubwa yaliyolimwa na wakulima Wakatoliki waliowalipa kodi. Nyumbani mwao alikuwamo yaya, Mary Sheridan, aliyejua lugha ya Kiayalandi na hadithi za wenyeji. Kwa yaya huyo mtoto Augusta alisikia mambo ambayo wazazi wake hawakuyajali.

Mwaka 1880 aliolewa na Sir William Gregory wa Coole, aliyemzidi umri kwa miaka 35, na aliyewahi kuwa gavana wa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Hapa hatuna budi kusema yote. Mwaka 1847, wakati wa Njaa Kuu, Sir William akiwa mbunge ndiye aliyeleta kifungu cha sheria kilichomnyima msaada mkulima yeyote aliyeshika zaidi ya robo ekari ya ardhi. Watu wengi walilazimika kuchagua kati ya shamba na uhai. Augusta naye, mwaka mmoja baada ya mumewe kufariki mwaka 1892, alitoa kijitabu cha kupinga mpango wa kuipa Ayalandi madaraka ya kujitawala. Basi hakuzaliwa upande wa wanyonge, wala hakuvuka kwenda upande wao kwa siku moja.

Kilichombadili ni masomo. Akiwa mjane wa miaka arobaini na kitu, alianza kujifunza Kiayalandi kwa bidii. Aliingia katika vibanda vya wakulima wa Kiltartan, jirani ya Coole, na katika nyumba ya maskini, akawasikiliza wazee na kuandika hadithi walizomsimulia. Huko ndiko alikoipata lugha ya michezo yake: Kiingereza cha wakulima, ambacho maneno yake ni ya Kiingereza lakini mpango wake ni wa Kiayalandi. Wasomi walikidharau Kiingereza hicho. Yeye alikiona kuwa na utamu na nguvu ya kusema lolote.

Jumba la michezo

Mwaka 1897 Lady Gregory, mshairi W. B. Yeats na Edward Martyn walikubaliana kuanzisha michezo ya kuigiza ya Kiayalandi. Maonyesho ya kwanza yalifanyika Dublin mwaka 1899, na tarehe 27 Desemba 1904 jumba la Abbey Theatre likafunguliwa. Yeye, Yeats na J. M. Synge wakawa wakurugenzi wake.

Yafaa tukumbuke jinsi michezo yake mifupi ilivyozaliwa. Yeats alitunga tamthilia za kishairi, nzito na za huzuni. Ilihitajika michezo mingine midogo ya kuchekesha ili kukamilisha onyesho la jioni na kumpumzisha mtazamaji. Lady Gregory, aliyekwisha kutimiza miaka hamsini, alijitwika kazi hiyo. Kabla ya kufa alikuwa ametunga michezo ipatayo arobaini, na mingi ya ile inayokumbukwa ni ya kitendo kimoja. Saba kati yake ilichapishwa kitabuni mwaka 1909.

Mambo yanayoisimamisha michezo yake

Tuanze na Spreading the News, maana yake Kueneza Habari, ulioonyeshwa usiku ule wa kufunguliwa Abbey. Mwanzoni mtunzi aliwaza kuandika habari ya huzuni, ya msichana aliyeharibiwa jina kwa neno moja tu. Kwa kuwa jumba lilihitaji kichekesho, aliligeuza wazo hilo. Mkulima Jack Smith anasahau uma wake wa kukusanyia majani makavu gulioni, na Bartley Fallon anaondoka mbio kumfuatia ili amrudishie. Muuza matofaa ambaye ni kiziwi anasikia nusu tu. Mtu mmoja anasema Bartley anamkimbiza Jack kwa uma. Wa pili anasema wamepigana. Wa tatu anasema Jack ameuawa. Mke wa Jack anaanika shuka uani, na watu wanaelewa kuwa ni shuka ya kumlazia maiti. Hatimaye Jack mwenyewe anatokea, mzima kabisa, lakini hakimu mgeni hakubali kuwa ni yeye, akaamuru wote wawili wafungwe pingu.

Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mchezo huu waipima methali hiyo mpaka mwisho. Na funzo la ufundi ni hili: tukio ni moja, dogo, na kila anayeingia jukwaani hulisukuma hatua moja mbele. Hakuna aingiaye kusalimia tu.

Mchezo wa pili ni The Rising of the Moon, yaani Kuchomoza kwa Mwezi, ulioonyeshwa mwaka 1907. Sajini wa polisi analinda gati usiku, akimngojea mfungwa wa siasa aliyetoroka, ambaye kukamatwa kwake kuna zawadi ya pauni 100. Anakuja mwimbaji mwenye nguo mbovu. Wawili hao wanakaa juu ya pipa wakiwa wamepeana migongo, mmoja akitazama huku na mwenziwe kule. Kwa nyimbo, mwimbaji anamkumbusha sajini ujana wake, alipokuwa na marafiki wenye mawazo yale yale ya mfungwa. Polisi wengine wanaporudi, sajini anaificha kofia na nywele za bandia za yule mtu nyuma ya mgongo wake, wala hasemi neno. Mfungwa anaondoka, na sajini anawageukia watazamaji kuwauliza kama yeye si mjinga mkubwa. Pipa moja latosha kuwa mandhari yote. Na suala lililomo si dogo: mtumishi wa serikali ya kigeni afanye nini mshahara wake unapomwambia hili na damu yake ile? Sisi ambao wazazi wetu waliishi chini ya ukoloni hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Mchezo wa tatu, The Gaol Gate, yaani Lango la Jela, wa mwaka 1906, ni wa huzuni. Wanawake wawili, mama na mke wa mfungwa, wamefika kwenye lango la jela ya Galway kabla ya mapambazuko. Wana barua, lakini hawajui kusoma, na kwa aibu hawakumpa jirani yeyote awasomee, kwani imevuma kuwa kijana wao amewataja wenzake. Mlinzi wa lango anawasomea: ameshanyongwa. Ndipo wanapojua kwamba alikufa bila ya kumtaja mtu. Mama anageuza kilio chake kuwa sifa. Walimu waliofundisha kisomo cha watu wazima wataielewa barua ile kuliko maelezo yoyote tuwezayo kutoa. Kifaa kimoja, kilichoko mkononi tangu mwanzo, chabeba mchezo mzima.

Mwisho tutaje The Workhouse Ward wa mwaka 1908. Wazee wawili wamelazwa vitanda jirani katika nyumba ya maskini, wakigombana mchana kutwa. Dada wa mmoja wao anakuja kumchukua akaishi kwake. Mzee anaomba mwenzake achukuliwe pia, dada anakataa, mzee anabaki, na ugomvi unaanza upya. Wahusika ni watatu tu. Upendo wao hautajwi hata mara moja, ila mtazamaji ameuona.

Miaka ya mwisho

Mwanawe wa pekee, Robert, aliuawa vitani huko Italia mwaka 1918. Aliendelea na kazi. Mwaka 1925 serikali mpya ya Ayalandi iliipa Abbey ruzuku ya pauni 850, na jumba hilo likawa la kwanza kusaidiwa na dola katika nchi zinazosema Kiingereza. Mwaka 1927 aliiuzia serikali ardhi ya Coole, akabaki kama mpangaji katika nyumba aliyoingia kama bibi arusi. Alifariki humo tarehe 22 Mei 1932. Nyumba yenyewe ilibomolewa mwaka 1941, michezo imebaki.

Darasani

Kutokana na maisha haya twapendekeza mwalimu afanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya kusoma mchezo wowote mfupi, wanafunzi waulizwe ni kitu gani kimoja ambacho kikiondolewa mchezo wote utaanguka: uma, pipa, barua, au kitanda. Pili, waandike kando ya jina la kila mhusika jambo ambalo kuingia kwake kumebadilisha. Asiyebadilisha kitu wamjadili kama anastahili kubaki. Tatu, wapelekwe sokoni, kituo cha basi au kisimani kusikiliza watu wanavyosema, warudi na mazungumzo ya dakika mbili, kisha wayatungie mchezo kwa lugha ile ile waliyoisikia, bila ya kuinyoosha iwe ya kitabu. Ni kazi ya vipindi vitatu tu. Haihitaji pazia wala mavazi. Yahitaji viti viwili, na mwalimu aliye tayari kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza.